Unga wa "seli shina" unaodaiwa kuamsha tezi ya pituitari: tathmini yangu kwa anayetaka kununua

Unga wenyewe ni wa zambarau iliyopauka. Unakuja katika vipakiti vyembamba virefu, kumi na tano kwa boksi, na boksi moja ni shilingi 195,000. Unauzwa kwa biashara ya mtandao, wakala juu ya wakala, na hapa Tanga wana ofisi yao ghorofani, safi, yenye kiyoyozi na viti vya kutosha. Jina la bidhaa silitaji. Za aina hii zimejaa sokoni na maneno ya kwenye maboksi yanafanana mno, kwa hiyo ninayoyasema yatakufaa hata kama boksi ulilonalo lina nembo nyingine.

Kilichonifanya nikae niandike ni sentensi moja nyuma ya boksi: kwamba unga huu "huamsha seli shina za tezi ya pituitari na kurejesha homoni zote mwilini". Seli shina ni seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, na pituitari ni tezi ndogo chini ya ubongo inayoziamuru tezi nyingine za homoni. Sentensi hiyo imemla wifi yangu fedha, na nusura imle yeye mwenyewe. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kupima homoni ndiyo kazi yangu, na shahada ya pili niliisomea Leuven, Ubelgiji, mji ambao seli hizo zilitafutwa kweli kweli. Basi nitausema unga huu kama mnunuzi, na nitausema pia kama mtu wa kazi hiyo.

Mazuri yake niyataje, maana yapo. Ukipiga simu wanapokea. Mzigo ulifika kwa bodaboda siku ileile, boksi limefungwa vizuri, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, risiti ilitolewa bila kuombwa. Unga unayeyuka haraka kwenye maji ya baridi, hauachi chenga, na una uchachu mtamu wa zabibu ambao hata mtoto hataukataa. Kaka anayekaa pale mapokezi ana adabu na anajua kumsikiliza mgonjwa, tena kwa muda ambao sisi wa hospitali mara nyingi hatunao. Hilo nalisema kwa heshima yote. Watu wengi hawaendi pale kwa sababu ya unga. Wanakwenda kwa sababu kuna mtu atakayewaangalia usoni na kuwasikiliza mpaka wamalize.

Sasa wifi. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho alivuja damu nyingi sana, akaongezewa chupa kadhaa, akanusurika. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi. Ndugu wakasema ni uchovu wa uzazi, wengine wakasema ana mawazo. Nywele za kwapani zikapukutika, akawa anajifunika shuka Februari, wakati Tanga nzima inatafuta upepo, na akisimama ghafla lazima ashike ukuta. Ilipita miaka mpaka daktari mmoja alipouliza maswali mawili kwa mkupuo: ulivuja damu wakati wa kujifungua? Na mtoto ulimnyonyesha? Majibu ya maabara yakawa hivi: kotisoli ya asubuhi (homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa na kulinda presha) iko chini, T4 huru (homoni ya tezi dundumio, ile ya shingoni) iko chini, prolaktini iko chini, na TSH, ambayo nitaizungumzia tena, iko ndani ya kiwango. Alipopigwa picha ya MRI, shimo dogo la mfupa chini ya ubongo ambamo tezi ya pituitari hukaa lilionekana karibu tupu.

Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Harold Sheehan, mpatholojia Mwingereza aliyefanya kazi Glasgow, aliyeueleza kwa kina mwaka 1937. Tezi ya pituitari ya mtu mzima ina uzito wa karibu nusu gramu tu, lakini sehemu yake ya mbele ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, prolaktini ya maziwa, homoni inayoziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitengeneze kotisoli, TSH inayoiamuru tezi dundumio, pamoja na LH na FSH za uzazi. Katika ujauzito seli za prolaktini huongezeka na tezi hutanuka, ilhali damu inayoifikia sehemu hiyo ya mbele hupita kwenye mishipa ya presha ndogo. Mama akivuja damu sana na presha yake ikaporomoka, tezi iliyotanuka hukosa damu na sehemu yake hufa. Katika nchi ambako akina mama bado wanavuja damu mbali na hospitali, huu si ugonjwa wa kusoma vitabuni tu. Naamini wako wengi mitaani wanaoambiwa wana uvivu.

Wifi alianzishiwa haidrokotisoni, steroidi inayochukua nafasi ya kotisoli, dozi kubwa asubuhi na ndogo mchana, kisha ndipo ikafuata thairoksini, inayochukua nafasi ya homoni ya tezi dundumio. Mpangilio huo una sababu yake: ukimpa mtu thairoksini kabla ya kotisoli kurudi, mwili unaitumia haraka hata ile kotisoli kidogo aliyobaki nayo, na anaweza kuanguka. Baada ya wiki chache alikuwa anapika, anacheka, anakwenda sokoni kwa miguu. Akawa mtu.

Ndipo jirani alipomleta wakala. Maneno aliyoambiwa ninayo kama alivyonisimulia: "Dada yangu, hivyo vidonge utavimeza mpaka lini? Vidonge vinaziba tu. Huu unaamsha tezi yenyewe. Miezi mitatu, vidonge unaviweka kando." Kwa mtu aliyeambiwa atameza dawa maisha yake yote, hakuna maneno matamu kuliko hayo.

Kule ofisini alipimwa kwanza. Kipimo chenyewe ni kile cha mwili mzima ambacho wengi mnakifahamu: unashika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika moja au zaidi kidogo zinatoka kurasa kibao za majedwali, ini, figo, ubongo, mifupa, na "pituitari" ikiwa na namba yake na rangi nyekundu. Nimezisoma kurasa zile zote. Hakuna mahali palipochukuliwa damu, mkojo wala mate. Homoni huwezi kuipima kwa kumshikisha mtu chuma. Pituitari hupimwa kwa kutazama homoni zake na za tezi zinazoitii katika damu, kotisoli ikichukuliwa asubuhi mapema inapokuwa juu, mara nyingine kwa kuichokoza kwa sindano ili ionekane kama inaitikia, na umbo lake hutazamwa kwa MRI. Karatasi ile ya rangi haikupima chochote kati ya hivyo. Katika huduma yao nzima hapa ndipo napapa alama ya chini kabisa, hata chini ya unga, kwa sababu unga unaweza kuwa haudhuru, lakini kipimo cha uongo kinamfanya mgonjwa ayasukume kando majibu ya kweli.

Alipomaliza boksi la pili wakamwambia akapime TSH maabara yoyote aitakayo, ili aone mwenyewe. TSH ikatoka ya kawaida. Wakala akaipiga picha ile karatasi akaituma kwenye kundi lao la WhatsApp kama ushahidi kwamba pituitari imeamka.

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa wenzangu wa maabara, kwa sababu jambo hili linawapoteza hata wahudumu wa afya. TSH inatoka pituitari. Tezi dundumio ikiwa ndiyo mbovu na pituitari nzima, TSH hupanda, nasi tunagundua. Lakini pituitari ikiwa ndiyo iliyokufa, TSH haina pa kupandia. Inaweza kuwa chini, inaweza kukaa palepale kwenye kiwango cha kawaida ilhali mgonjwa anazidi kuzama. Kwa mgonjwa wa Sheehan tunaangalia T4 huru. TSH ya wifi ilikuwa ya kawaida kabla hajaonja hata kijiko cha unga ule, na karatasi ya zamani ninayo. Ushahidi waliousambaza ulikuwa ni ugonjwa wenyewe.

Akaacha haidrokotisoni. Hakuacha yote siku moja; alipunguza, akaona yuko sawa, akaacha. Kisha ikaja malaria. Mtu mwenye pituitari nzima akipata homa, mwili wake unamwaga kotisoli zaidi. Yeye hana, na siku za homa ndizo ambazo daktari alimwagiza aongeze dozi mara mbili. Alitapika usiku kucha, asubuhi presha haisomeki vizuri, sukari iko chini, sodiamu iko chini. Alikutana na daktari aliyeiona kadi yake ya dawa ndani ya pochi, akachomwa haidrokotisoni ya miligramu 100 na kuwekewa dripu ya maji ya chumvi. Jioni alikuwa amekaa kitandani anauliza watoto wamekula nini. Kadi ile ndiyo iliyomwokoa, na kama una mgonjwa wa aina hii nyumbani, hakikisha anatembea na maandishi yanayosema anatumia steroidi na haziachwi ghafla.

Sasa nirudi kwenye sentensi ya nyuma ya boksi, kwa sababu mtu anaweza kusema wifi alikosea kuacha dawa lakini unga hauna kosa. Je, tezi ya pituitari ya mtu mzima ina seli shina? Ndiyo, inazo. Na hili ndilo linaloniuma: sentensi ile imejengwa juu ya jambo la kweli, lililopatikana kwa jasho la watu wengi, likabandikwa kwenye boksi la unga kama nembo.

Kwa miongo mingi haikujulikana. Ukiipaka rangi pituitari na kuitazama kwa hadubini, seli nyingi zinashika rangi kwa sababu ya homoni zilizojaa ndani yake, lakini ziko ambazo hazishiki rangi. Mwaka 1969 Yoshimura na wenzake, huko Japani, walipendekeza kwamba katika hizo zisizoshika rangi ndimo zilimo seli mama za wengine. Lilikuwa wazo zuri lisilo na njia ya kulithibitisha. Seli shina haina sura yake. Huwezi kuijua kwa kuiangalia, kama ambavyo huwezi kuijua mbegu iliyo hai mpaka uipande. Inabidi ionyeshe mambo mawili: kwamba ikigawanyika inabakiza nyingine kama yenyewe, na kwamba watoto wake wanaweza kuwa seli za aina mbalimbali za tezi ile.

Mwaka 2005 timu ya Leuven, maabara ya Hugo Vankelecom, ilitumia ujanja uliokwisha kufanya kazi kwenye uboho wa mifupa. Unaichambua pituitari ya panya iwe seli mojamoja, unaziloweka katika rangi ya Hoechst 33342 inayoingia kwenye DNA na kung'aa, halafu unazipitisha mbele ya mwanga wa leza. Seli nyingi zinabaki na rangi. Kikundi kidogo kinaisukuma nje kwa pampu zake, na kwenye grafu kinajitenga pembeni. Mashine ya aina hiyo nimewahi kuiendesha, na sijasahau nilivyojisikia kile kikia kidogo cha nukta kilipotokea upande wa kushoto wa skrini mbali na umati. Ndani ya kikundi hicho walikuta vinasaba vya seli changa vinafanya kazi. Lakini hawakupiga kelele za ushindi: kazi zilizofuata za timu hiyohiyo zilionyesha kwamba ndani yake kumechanganyika seli za aina zaidi ya moja, na si zote zenye tabia ya shina. Mwaka huohuo, Australia, kundi la Lepore lilikuwa limepata kwa njia nyingine seli chache za pituitari zenye uwezo wa kuzaa makoloni kwenye sahani.

Mwaka 2008 zikatoka kazi mbili ambazo ndizo watu wa fani hii huzitaja kwanza, zote katika jarida la PNAS. Moja ni ya timu ya Mill Hill, London, ya akina Fauquier, Rizzoti, Lovell-Badge na Robinson. Hao walifuata alama inayoitwa SOX2, protini inayoonekana pia katika seli shina za kiinitete na za ubongo. Katika pituitari ya panya mkubwa walizikuta seli zenye SOX2 zimejipanga hasa kuzunguka mwanya mwembamba kati ya sehemu ya mbele na ya kati ya tezi, mabaki ya mfuko ambao tezi iliumbikia humo tangu tumboni. Zikioteshwa kwenye maji ya virutubisho zilifanya viduara vinavyoelea, na vikibadilishiwa mazingira, humo zikatokea seli za homoni zote kubwa za sehemu ya mbele. Kazi ya pili, ya Gleiberman, Enikolopov, Rosenfeld na wenzao huko Marekani, ilitumia panya ambao seli zao zenye protini ya nestini zinang'aa kijani, nao wakaelekeza kwenye mwanya uleule. Mwaka 2009 kundi la Hispania likaongeza alama zake, GFRα2 na PROP1, palepale.

Mtu wa haraka atasema basi, zimepatikana. Wenye kazi yao hawakusema hivyo. Nestini inaonekana pia katika seli ambazo si shina. Seli zenye SOX2 ni nyingi kuliko zile zinazofanya viduara. Na seli kung'oka katika tezi na kufanya mambo kwenye sahani hakuthibitishi kwamba ndicho inachokifanya ikiwa ndani ya mnyama. Kwa hiyo ikabidi kusubiri mpaka 2013, ambapo timu mbili za London, ya Andoniadou na wenzake na ya Rizzoti na wenzake, zilichapisha katika jarida moja njia ya kuzifuata seli hizo ndani ya panya aliye hai. Unamtengeneza panya ambaye ukimpa dawa ya tamoksifeni, seli zenye SOX2 siku hiyo zinapigwa muhuri usiofutika, nao watoto na wajukuu wao wanaurithi. Unasubiri, kisha unatazama nani ana muhuri. Muhuri ukaonekana kwenye seli za homoni. Hapo ndipo neno shina lilipostahili kuandikwa bila alama ya kuuliza.

Na kuna matokeo ya mwaka ule ambayo mwenye kuuza unga angepaswa kuyasoma kabla ya mengine yote. Katika panya mkubwa asiye na shida, mchango wa seli hizi ni mdogo. Zinatulia. Watafiti walipoondoa tezi za adrenali, mwili ukawa unahitaji homoni zaidi ya kuziamuru, na seli shina zikaanza kugawanyika na kuzaa seli za aina hiyohiyo inayohitajika. Zinaitikia uhitaji wa mwili, kwa ishara zinazotoka ndani ya mwili. Mwaka 2012 timu ya Leuven iliua seli za homoni ya ukuaji katika panya wazima vijana kwa kutumia sumu ya dondakoo iliyolengwa kwenye seli hizo tu, na baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ikarudi. Walipokuja kujaribu kwa panya wenye umri mkubwa zaidi, uwezo ule haukuwepo tena.

Linganisha na wifi. Kwake hazikuuawa seli za aina moja tu huku mwanya na mishipa ya damu vimebaki. Kipande cha tezi kilikosa damu, kikafa na kila kilichokuwemo, na mahali pake pakabaki kovu na utupu ambao MRI imeuonyesha.

Sasa tugeuze boksi tusome viungo. Dondoo la seli shina za tofaa, dondoo la zabibu, kolajeni, vitamini C, sukari mbadala, ladha. Seli za tofaa ni za mmea. Zimekaushwa na kusagwa, hazina uhai. Hata zingekuwa hai, zikifika tumboni asidi na vimeng'enya vinazivunja kama vinavyolivunja tofaa lenyewe, na seli ya mmea haiwezi kugeuka seli ya pituitari ya mtu. Wakala aliponijibu kwamba si lazima zifike, zinatuma "ishara tu", nilimuuliza: kaka, ishara ipi? Ishara zinazosukuma pituitari zina majina. Moja ya familia zake ni WNT, ambazo timu ya King's College London ilionyesha mwaka 2021 kwamba seli shina zenyewe huzitoa ili kuwachochea majirani wao wagawanyike. Hizo ni protini zinazofanya kazi hatua fupi, seli hadi seli, ndani ya tezi iliyoko chini ya ubongo. Hazitoki kwenye glasi ya juisi. Hata homoni ya ukuaji yenyewe, iliyo halisi, mtu anachomwa sindano kwa sababu akiimeza inameng'enywa kama nyama. Haidrokotisoni inaweza kumezwa kwa kuwa ni molekuli ndogo ya aina nyingine kabisa. Kaka alinyamaza kidogo, akasema haya mambo ya ndani sana yeye hajafundishwa. Namwamini.

Tena neno "kuamsha" lisichukuliwe kirahisi. Katika kazi ileile ya Andoniadou ya 2013, walipozilazimisha seli zenye SOX2 za panya kubeba beta-katenini, protini inayoziamuru seli zikue, iliyoharibika na isiyozimika, matokeo yake yalikuwa uvimbe unaofanana na ule unaowapata watoto katika eneo hilo, unaobana mishipa ya macho na kuharibu homoni. Tena seli za uvimbe hazikuwa watoto wa seli zilizolazimishwa. Zile ziliwachochea wengine. Kama kungekuwa na unga unaoweza kweli kuamsha seli hizi kwa mtu yeyote aunywaye, pasipo kipimo wala daktari, mimi ningekuwa wa kwanza kuomba uondolewe madukani. Bahati ni kwamba hauwezi.

Matumaini ya kweli yapo, na sitaki mgonjwa asome hapa atoke amevunjika moyo. Mwaka 2011 Suga na wenzake, Kobe, Japani, walichukua seli shina za kiinitete cha panya wakazikuza kama donge linaloelea mpaka zikajikunja zenyewe na kufanya tishu ya pituitari, na walipoipandikiza kwa panya walioondolewa tezi, homoni ya adrenali ilipanda na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 Wajapani hao hao wakafika hatua ya kuipata tishu hiyo kutokana na seli shina za binadamu. Huo ndio mstari wa kufuatilia. Ni kazi ya maabara na upasuaji, na haijawa tiba ya hospitali. Siku itakapokuwa tiba, daktari wa homoni ndiye atakayemwita wifi.

Kwa anayeuliza kama anunue: kama anataka kinywaji cha zabibu chenye vitamini C, kinanyweka, ila kwa shilingi 195,000 atanunua matunda ya soko la Mgandini ya kulisha nyumba nzima kwa muda mrefu. Kama ana tatizo la pituitari, la tezi dundumio au la hedhi iliyopotea baada ya kujifungua, asinunue. Fedha hiyo ailipie kotisoli ya asubuhi, T4 huru na prolaktini, ampelekee majibu daktari, na amwambie wazi historia ya damu na maziwa. Vidonge vya haidrokotisoni nje ya miji mikubwa ni shida kupatikana, hilo nalijua. Wengi wanatumia prednisoloni badala yake, lakini hilo aamue daktari na dozi aiandike yeye.

Kuhusu kurudishiwa fedha: maboksi ambayo wifi hakuyafungua waliyapokea na wakamrudishia, ila walikata sehemu ambayo walisema ni kamisheni iliyokwisha kwenda kwa wakala wa juu. Yaliyofunguliwa, hapana. Picha ya TSH yake waliifuta kwenye kundi baada ya mimi kueleza mbele ya mawakala wengine inachomaanisha, na wawili kati yao walibaki nyuma kuniuliza maswali ya maana sana kuhusu ndugu zao wenyewe.

Ombi langu kwao lilikuwa la maandishi, kurasa mbili: waifute sentensi ya pituitari kwenye mabango na karatasi zao, waache kumwambia mgonjwa yeyote aweke kando steroidi, na kile kijiti cha chuma wakiondoe mezani. Bango la ukutani limeshushwa. Kuhusu maneno ya kwenye boksi wamenijibu kwamba yanatoka kiwandani na wao hawana mamlaka nayo. Nimeomba anwani ya kiwanda, na barua ya Kiingereza nimeshaiandika.